Alhamisi Mbili za Mguu wa Mama

Simu yangu ina picha nyingi za mguu wa mama kuliko za harusi yangu. Sukari ilimletea kidonda kwenye unyayo wa kushoto, chini ya kidole gumba, na kwa kuwa hasikii maumivu huko, alikikanyaga siku nyingi kabla hatujakiona. Kliniki wakatupa utaratibu. Kila Alhamisi asubuhi nimsogeze dirishani, nifungue bandeji, nisafishe, nibandike rula ndogo ya karatasi kando ya kidonda, nipige picha na kuituma. Wao wanakipima kwenye skrini na kuzipanga picha wiki kwa wiki, waone kama kinajifunga au kinatuchezea shere.

Muuguzi wetu alikuwa dada wa Kenya, mkali na mcheshi kwa pamoja. "Usinitumie picha ya maonyesho," aliniambia siku ya kwanza. "Nataka kidonda pamoja na ngozi yote ya hapo kando. Kidonda kinaweza kunyamaza, lakini ngozi itasema."

Kazi hiyo niliifanya kwa majivuno. Ndugu zangu wako Unguja na Maskati. Mimi ndiye niliyebaki na mama hapa ughaibuni, mtaani Al Twar, na sifa nazipenda, sitakataa. Kila aliyepiga simu kumjulia hali nilimrushia picha, aone kidonda kilivyosinyaa kutoka upana wa tende hadi wa punje ya haragwe. Wakasema nina mikono ya baraka. Nami nikavimba kichwa.

Ikaja harusi ya mjukuu wa dada yake mama, mtaa wa Al Baraha. Mama akataka hina.

"Mama, na kidonda hicho?"

"Kidonda si kimefungwa? Mimi bibi yake bibi harusi, niende na miguu mitupu kama mjane niliye edani?"

Nilijua ninapaswa kumuuliza muuguzi. Sikumuuliza, kwa sababu nilijua atakataa. Nikaikoroga hina mwenyewe kwa mafuta ya karafuu, nikampaka vidole na unyayo mzima hadi ukingoni mwa bandeji. Ilikolea vizuri sana. Harusini wanawake waliinama kuitazama, na mama alicheka siku ile kama hajapata kuugua.

Alhamisi iliyofuata nikafungua bandeji. Ngozi ile iliyotakiwa kusema ilikuwa nyekundu ya hina, ya kukaribia weusi, haina inachosema. Nikamwona akilini yule muuguzi akiipokea picha na kunipigia simu kunisema: mtu mzima mimi, msomi, nimepaka hina mguu wenye kidonda! Nilichokiogopa ni maneno tu. Nikafunga bandeji mpya na kumtumia picha ya wiki iliyopita.

"Mashallah, kimetulia," akajibu.

Alhamisi ya pili hina ilikuwa bado haijapauka. Nikaituma picha ileile, nimeipunguza kidogo pembeni. Njia ya mwongo ni fupi, nasi tumefundishwa hivyo tangu utotoni, lakini siku ile niliiona pana kabisa. Unyayo ulikuwa na joto nilipoushika. Wekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya mguu, mahali ambapo sikumpaka chochote, nami nikajiambia hina imechuruzika. Hata harufu niliisingizia karafuu.

Jumapili mama akaamka anatetemeka kwa homa. Hospitali wakampiga picha ya kamera inayoonyesha joto la mwili, na kwenye skrini mguu wake ukawaka hadi karibu na kifundo. Usaha ulikuwa umejichimbia ndani. Muuguzi wetu akaitwa kutoka kliniki, akazifungua picha zangu, tatu za mwisho kwa mstari, zote na kunjo lilelile la shuka chini ya kisigino. Akazitazama, kisha akanitazama.

"Dada, hii ni picha moja."

Hakunisema. Ningelipa chochote anitukane. Wakamkata mama kidole gumba na kinachofuata. Mficha maradhi, kilio humfichua, ndivyo wasemavyo. Mimi niliyaficha ya mwenzangu, na aliyekatwa ni yeye.

Aliporudi nyumbani wageni walijaa sebuleni. Mama, mguu juu ya mto, akawasimulia: "Huyu binti yangu, Mungu amlipe. Picha zangu hakukosa hata wiki moja." Nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nikammiminia jirani hadi kikombe kikafurika kwenye kisahani, nikakimbilia jikoni.

Walipoondoka nikakaa chini, mbele yake, nikamwambia yote: hina, picha ya zamani, mara mbili. Nililia kwa aibu, nikashindwa kuinua macho.

"Najua," alisema. "Mguu ni wangu, nisijue kama umepigwa picha? Alhamisi mbili hukunisogeza dirishani."

"Sasa mbona hukusema, mama? Mbona unanisifu mbele za watu?"

Akautazama mguu wake.

"N'lidhani harufu imekushinda. N'lidhani umenichoka, mwanangu, nikaona haya kukuomba unipige."

Kisha akaivuta kanga, akaufunika mguu nisiuone.