Ampli ya Mama Mdogo

Juma lililopita binti wa mama mdogo aliniletea albamu yake mpya, niisikilize kabla ya watu. Ni soul iliyochanganywa na rock, imepigwa kwa mtindo wa zamani: kinanda kinachounguruma, gitaa la kukwaruza, ngoma zisizo na haraka. Wimbo wa pili ulipoanza ilibidi nikae chini. Gitaa lile lilinirudisha mtoni.

Wewe uliyekulia Kisangani utazikumbuka asubuhi za Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto: harufu ya mikate ikikaangwa kwa mawese, majirani wakifagia viwanja, sisi watoto tukisugua masufuria kwa mchanga. Mama mdogo alisugua nasi huku akiimba. Alikuwa na bendi mjini, ya muziki ambao bibi aliuita kelele za watu wenye njaa. Walikuwa na ampli moja tu, sanduku zito la kupaza sauti ya gitaa, naye ndiye aliyeitunza kwetu.

Jumapili moja, baada ya misa, alinichukua tuvuke naye akaimbe. Nilikuwa na miaka minane. Akanikalisha juu ya ampli, katikati ya mtumbwi.

"Shika muzuri. Usiachilie, umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Mto ulikuwa umefura kwa mvua. Tulipofika katikati mota ikakohoa, ikazima. Mwenye mtumbwi akavuta kamba, akavuta tena, kisha akashika kafi, lakini mkondo ulikuwa umeshatugeuza. Mbele yetu meli ya mizigo ilikuwa imefungwa bandarini, na maji yalikuwa yakinyonywa chini ya tumbo lake. Kila mtoto wa Lubunga alijua watu waliomezwa pale. Maji yakaanza kuturukia ndani.

"Mama, tupa ile kintu!" mwenye mtumbwi akapiga kelele. "Iko nzito! Tutaingia chini ya bateau!"

Mama mdogo aliitazama ampli, akanitazama mimi. Kisha akaniambia niachilie. Sikuweza. Vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa kwenye mshikio. Akavibandua kimoja kimoja, akanisukuma miguuni pake, akaipindua ampli mtoni. Mtumbwi ukainuka. Tulipita ubavuni mwa meli karibu sana, hata nikagusa kutu yake.

Bendi haikupata ampli nyingine. Mpiga gitaa akaenda Yanonge kuuza samaki. Mama mdogo aliendelea kusugua masufuria nasi, lakini bila kuimba, na kimya kile kilinitisha kuliko mto. Miaka mingi nilingoja aseme kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba bila mimi sanduku lingefika. Hakusema. Nami sikuuliza, kwa kuogopa jibu.

Sasa hayupo. Ukumbi walimopigia umekuwa ghala la saruji, na hakuna aliyewahi kurekodi sauti yake.

"Yaya," binti yake, anayeniita hivyo kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akaniuliza albamu ilipokwisha, "mama alikuwa anaimba namna gani?"

Nilifungua kinywa nimwonyeshe. Haukuja hata mstari mmoja. Maji yale ninayasikia mpaka leo; yeye simsikii tena.