Niliwachorea washenga ramani ya ukweni, posa ikatua nyumba nyingine

Wakuu, habari zenu. Wakubwa wote shikamooni. Haya yamenikuta mwenyewe na nayaleta yalivyo, japo najua mtanicheka.

Kazi yangu ni kuchora ramani kwa kompyuta. Kwetu Mikumi. Mchumba wangu Zawadi kwao ni Mamboya, milimani huko Kilosa.

Mila mnazijua, mwoaji haendi na washenga. Kiongozi wao alikuwa baba yangu mdogo, na Mamboya alikuwa hajawahi kufika. Mtandao kule unakuja na kuondoka, ramani ya simu usiitegemee. Nikasema ngoja niwaonyeshe ufundi!

Wakuu, nilichora. Mistari ya miinuko, rangi kumi na mbili, jina la kila kijito. Nyumba ya ukweni nikaiwekea kidoa chekundu katikati ya vidoa vyekundu vya visima.

Chini pembeni palikuwa na nafasi tupu. Nikabandika ufunguo, yale maelezo ya alama za ramani, hapo hapo, bila hata boksi. Ndani ya ufunguo nikaweka kinyumba kikubwa kizuri, mfano wa alama ya makazi.

Mshaelewa, eeh? Kuna barabara iliishia jirani na kile kinyumba. Baba mdogo akaifuata mpaka mwisho, akakuta kweli pana nyumba.

Wakapokelewa vizuri mno. Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, basi wakala wali na kuku. Ndipo baba mdogo akasimama: "Tumeona ua zuri humu ndani."

Na mzee wa pale ana binti!

Akapokea barua ya posa kwa furaha. Kuifungua, jina si lake. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawaelekeza.

Ukweni hawakucheka. Walipika, wakakaa tangu asubuhi. Washenga wanafika jua linazama, baba Zawadi akawajibu mlangoni: "Rudini Jumamosi ijayo. Mkipotea tena, habari ya binti yangu msahau."

Zawadi alinipigia analia. Niliogopa jamani.

Katikati ya wiki akanitumia picha ya ramani aliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari. Barabara moja, daraja, mashine ya kusaga, na nyumba moja kubwa nyekundu. Basi! Nikamwambia niiongezee ufunguo kidogo. Akasema, "Wee, thubutu!"

Jumamosi saa nne asubuhi baba mdogo alikuwa keshakaribishwa ndani. Posa ikapokelewa.

Nilichojifunza ni kwamba ile ramani nilijichorea mwenyewe nionekane fundi, nikamsahau anayeishika njiani. Kikuu kionekane kwanza, ufunguo ukae kwenye boksi lake, kisichosaidia kitoke. Siku hizi kabla sijaprinti nampa baba mdogo, simwambii kitu. Kidole chake kikienda sipo, narudi kwenye kompyuta.

Yule mzee wa wali na kuku tulimwalika harusini. Kwenye kadi tuliweka ramani ya mke wangu, na alifika wa kwanza.

Haya, nani mwingine ramani imemuumbua? Mwageni hapa, nisichekwe peke yangu.