Kifungo cha koti ya Papa

Leo mama yangu amenikamata wizi kwa vidole vyake.

Munajua kaye yangu, lile daftari langu: kila ukurasa ninabandika kitenge, kamba na maganda ya konokono za ziwa, mpaka kaye haifungiki. Jana nilibandika kifungo cha koti ambayo marehemu Papa, baba yangu, alivaa kwenye kazi ya reli.

Sikuomba ruhusa. Nilijua Mama hataona, macho yake yamekwisha.

Asubuhi akasema, "Lete hiyo kaye, nisikie unafanyaka nini."

Akapapasa kitenge. Akapapasa konokono, akacheka. Halafu kidole kikasimama.

"Hii njo kifungo ya papa yako."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke!

"Mama, unisamehe."

Akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na koti yenyewe na mukasi.

"Kata na mufuko. Tukienda naye misa, mukono wangu ulikuwa unaingiaka mule."

Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Nikakata, naye akaushikilia mufuko juu ya karatasi mpaka gundi ikakauka.

Sasa anataka kaye yake mwenyewe. Wenzangu, ukurasa wa kwanza tumubandikie nini?