Sele na Pikipiki Iliyolia Kama Bunduki

Hapa Majengo ya Thika ukiulizia fundi wa pikipiki, utaonyeshwa ua wa Sele kabla hujamaliza swali. Sisi majirani humwita Baba Saida. Kazi aliijulia jeshini, huko Burma, alikokuwa akipeleka barua za maofisa kwa pikipiki kwenye matope ya kufika magotini. Aliporudi aliajiriwa miaka sita katika gereji moja ya mjini, hadi akachoka kulala chini ya magari ya watu. Ndipo akasimamisha mabati manne uani kwake, akaning'iniza spana zake kwenye misumari, akawa bwana wa kazi yake.

Kitu kilichonishangaza tangu siku ya kwanza ni masinia. Kila kinachotolewa kwenye injini, Sele hukipanga kwenye sinia la chakula: cha kwanza kutoka hukaa ukingoni, kinachofuata kando yake, na kuendelea kuzunguka hadi cha mwisho kiwe katikati. Wakati wa kurudisha huanzia katikati kwenda nje. Masinia yenyewe ni ya mkewe, Mwanarusi. Siku moja mgeni aliuma nati ndani ya wali. Mwanarusi aliona aibu ya kufa, lakini Sele alimpa mgeni mkono kwa furaha, maana nati ile alikuwa ameitafuta siku mbili.

Basi mwaka 1957, mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, tulisikia kutoka barabarani: Pa! Pa-pa! Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walilala chini na vikapu vyao. Siku hizo za Hali ya Hatari hakuna aliyengoja kujua mlio ni wa nini. Kumbe alikuwa Zacharia, dresa wa zahanati ya Gatong'ora kule Ruiru, mtu mwembamba mwenye koti refu, anaingia uani juu ya pikipiki kuukuu iliyotoka jeshini. Nyuma yake ilifuata harufu mbaya ajabu, na nyuma ya harufu walifuata mbwa watatu.

"Dresa, umebeba maiti?" Sele aliuliza.

"Ni hilo bomba la moshi. Gasketi ilipotea, nikatengeneza nyingine mwenyewe."

Gasketi ni pete ya shaba nyekundu inayokaa kati ya injini na bomba la moshi, ili moshi usipenye pembeni. Sele aliinama, akachokoa kwa bisibisi, akatoa kipande cheusi kilichokunjamana.

"Hii ni nini?"

"Ngozi," Zacharia alijibu kwa sauti ndogo. "Shemeji yangu yuko kiwanda cha ngozi. Si ngozi ni ngumu?"

"Ngumu kwa kiatu, Dresa! Wewe unachoma ng'ombe kutoka Ruiru mpaka Thika, halafu unashangaa mbwa!"

Mwanarusi alicheka hadi akakaa chini. Zacharia hakucheka. Alieleza kwamba kwenye mteremko wa kuingia Ruiru kuna kituo cha homugadi, wale askari wa kulinda vijiji, na kila akiteremka pale pikipiki inapiga risasi. Mara ya mwisho askari wawili waliruka ndani ya handaki. Mkubwa wao, Sajini Githinji, alimwambia hivi: "Jumamosi ukirudi, ikilia hata mara moja, naifungia stoo. Utatembea."

"Na mimi nina vijiji vinne vya kudunga watoto sindano," Zacharia alisema. "Kwa miguu sitamaliza hata viwili kwa juma. Watoto wa vile vingine watangoja nini?"

Nilimwuliza Sele kwa nini bomba lipige kelele wakati wa kuteremka, si wakati wa kupanda. Hakunifukuza. Alisema ukiachia mkono wa mafuta mteremkoni, injini huvuta pumzi. Penye ufa, hewa huingia ndani ya bomba, ikakutana na petroli ambayo haijaungua, na bomba lenyewe lina moto. "Hapo ndipo pa!" alisema, akapiga makofi mbele ya uso wangu nikaruka.

Alisema kwa kuwa amekwisha kuifungua, ataisafisha injini yote. Kwa siku tatu pikipiki ya Zacharia ilikaa kwenye masinia mawili, nao nyumbani wakala kwenye sahani.

Jumamosi Zacharia alifika asubuhi, ameletwa na lori la kahawa. Pasi yake ya kusafiri ilimtaka awe amerudi kijijini kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mimi na Saida tulikuwa tunachambua maharagwe karibu na jiko, kwa hiyo tuliona yote. Sele alirudisha kitu kimoja kimoja kutoka katikati ya sinia, akiimba kwa pua. Mwishowe alitoa pete mpya ya shaba kwenye karatasi. Duka zima la spea lilikuwa na moja tu ya kipimo kile, naye alikuwa ameipata. Akaiweka kwenye tundu la moshi, akasukuma bomba, akakaza nati mbili.

"Sasa hata mtoto mchanga hataamka," alisema, akapiga stata kwa mguu.

Injini ilinguruma vizuri. Akaongeza mafuta, akaachia.

Pa!

Mwiko ulimtoka Mwanarusi mkononi. Zacharia alijifunika uso kwa kofia. Ilikuwa yapata saa nane. Sele akakaza nati tena, akajaribu tena. Pa! Akaanza kulaumu kabureta, akalaumu petroli, akamlaumu hata Mwingereza aliyeunda ile pikipiki.

"Baba Saida," Mwanarusi alisema kutoka jikoni, "mbona hilo bomba limesimama upande?"

"Wewe pika."

"Napika. Lakini macho sijayatia kwenye sufuria."

Sele akainama tena, shavu karibu liguse injini. Kweli, nati moja ilikuwa imezama sana na nyingine bado, na bomba lilikuwa halijaingia hadi mwisho. Akazima, akalifungua huku akipuliza vidole, akapitisha ncha ya msumari ndani ya tundu polepole, kama mtu anayesafisha sikio la mtoto. Msumari ukakwama. Akachokoa. Kikatoka kipande cha pete, cheusi tii, kisha kingine.

"Ya zamani," alisema. "Haikupotea hata siku moja. Ilikuwa ndani humu imegandamana, imekuwa rangi moja na injini. Dresa hukuiona, ukaweka ngozi. Na mimi, niliyefika Burma, sikuiona, nikaweka mpya juu yake."

Hakuna aliyecheka. Shida ni kwamba pete mpya ilikuwa imekwisha kubanwa vibaya, imepinda na kuwa ngumu, na nyingine haikuwapo. Zacharia alitazama jua.

"Mama Saida," Sele alisema kwa adabu kubwa, "naomba jiko lako."

"Na maharagwe?"

"Yatusamehe kidogo."

Sufuria iliteremshwa. Sele aliinyoosha pete juu ya kipande cha chuma kwa nyundo ndogo ya mbao, akaishika kwa koleo ndani ya makaa hadi ikawa nyekundu kama pilipili iliyoiva, kisha akaitia ndani ya maji. Tss! Mimi nilidhani chuma kikichomwa hivyo kinakuwa kigumu. Kumbe shaba ni kinyume. Alipoitoa aliibonyeza kwa kidole gumba ikakubali.

Safari hii hakuimba. Alisugua tundu hadi likang'aa, akaweka pete, akakaza nati kwa zamu: hii kidogo, ile kidogo, hii kidogo tena. Alipoongeza mafuta na kuachia, sote tuliziba masikio. Injini ilishuka ikawa inakoroma tu.

Zacharia akarukia kiti. Sele akapanda nyuma, spana mfukoni.

"Wewe waenda wapi?" Mwanarusi aliuliza.

"Pete ikipata moto inalala, nati zinalegea. Lazima ikazwe tena njiani, la sivyo itamwaibisha kwa Sajini."

Mimi sikwenda. Yaliyotokea huko nimeyapata kwao wawili, na wanapopingana namfuata Zacharia, maana Sele huongeza chumvi. Walisimama Juja, Sele akakaza nusu mzunguko bomba likiwa moto, akaacha ngozi ya kidole juu yake. Walipofika juu ya ule mteremko Zacharia alizima injini.

"Tuisukume," alisema.

"Uisukume kila siku hadi uzeeke? Washa."

Akawasha. Wakateremka, mafuta yameachiwa kabisa, Zacharia akiomba Mungu kwa sauti. Hakikulia kitu. Askari walikuwa wamekaa kwenye benchi wanakunywa uji, na hakuna aliyeinua kichwa. Sajini Githinji mwenyewe ndiye aliyeziba njia kwa fimbo.

"Hii pikipiki umeiba wapi?"

"Ni ile ile yangu, Sajini."

"Ile naijua. Ile inapiga bunduki. Hii si ile."

Akazunguka mara mbili, akaleta daftari, akasoma namba herufi kwa herufi, akatazama kibati cha namba, akasoma tena. Akawaamuru wapande juu wateremke upya. Wakapanda, wakateremka. Kimya. Mara ya tatu akapanda Sajini mwenyewe nyuma ya Zacharia, akateremka naye ameng'ang'ania koti lake.

"Nenda," alisema mwishowe, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Kijijini walifika saa kumi na mbili kasoro robo. Sele alilala kwa dresa, akarudi kesho yake na lori la maziwa, kidole kimefungwa bandeji nyeupe ya zahanati.

Wiki iliyofuata Zacharia alikuja tena. Hatukumsikia mpaka alipokuwa mlangoni.

"Imeharibika?" Sele aliruka.

"Haijaharibika. Ila zamani nikikaribia kijiji, akina mama walisikia mlio, wakakusanya watoto. Jumatatu nilifika, nikakaa chini ya bendera ya kijiji nusu saa peke yangu. Hakuna aliyejua nimekuja."

"Unataka nikurudishie ngozi?"

"Hapana! Hapana, Fundi. Nimenunua filimbi ya kupuliza nikikaribia. Nimekuja kukuuliza nikiifunga kwenye mkono wa pikipiki itashika?"

Sele aliipokea filimbi, akaigeuza, akaanza kutafuta waya.