Pembe Walizomuumikia Ndugu Yangu

Baba mdogo alimlaza ndugu yangu kifudifudi akamkalia kiunoni. Baba akashika mikono. Mimi nikaambiwa nishike miguu, nikashika. Nyanya akamchanja mgongoni kwa wembe, akabandika pembe za ng'ombe, akazinyonya hewa ili damu itoke. Pembe ya tatu ilipojaa, mtoto alinyamaza na miguu ikalegea mikononi mwangu.

“Amelala,” baba mdogo akasema. “Uchafu umetoka.”

Alikuwa na miaka sita. Hakuamka.

Hiyo ni miaka ya sabini, nyumbani kwetu karibu na Mosocho. Mtoto aliumwa mifupa tangu anyonye, macho yake manjano. Mama aliolewa kutoka kule chini ziwani, basi lawama ikapata pa kukaa. Siku moja tukichuma majani chai, nyanya akamwambia mbele ya watu, “Wewe umetuletea damu ya mbu.”

Mama akajibu, “Kwani mama yako wewe alizaliwa huku mlimani?”

Watu wakacheka. Kwa kicheko hicho baba alimpiga kwa mpini wa jembe mpaka mkono ukavunjika. Ndiyo maana alikuwa hospitali siku ya pembe. Angekuwepo, angemuuma mtu. Aliporudi na plasta alikuta kaburi, na baba mdogo akamfukuza kwa panga, eti damu yake imeua.

Mwaka huu mjukuu wangu amepatikana na ugonjwa ule ule. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo daktari alinieleza polepole. Chembe za damu zina kosa, zimejipinda kama mundu, na mtoto hulipata kosa hilo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Siku hizi ng'ambo wanatoa mbegu za damu ndani ya mfupa wa mgonjwa, wanachukua kirusi kilichoondolewa makali, kinabeba maagizo sahihi mpaka ndani ya mbegu hizo, kisha wanamrudishia mwenyewe.

“Na ile damu mbaya wanaimwaga?” nikauliza.

“Mama, mtoto kama huyu hana damu ya kumwaga. Huyu huongezewa.”

Nilitoka nje nikaitazama mikono yangu iliyoshika miguu ile.

Nyanya alikufa, baba alikufa. Baba mdogo yu hai, ni mzee wa kanisa huko Nyamira, kila Sabato anafundisha watu huruma. Mama yangu naye yu hai kwa kaka zake, haoni tena, na bado anaamini ni damu yake. Baba mdogo aende kwa mama. Akae mbele yake amwambie kwa mdomo wake ni nani alimuua yule mtoto.