Masharubu ya Irulappan

Mume wangu Sadaiyan alikuwa kinyozi wa kikosi cha Kampuni, wale Waingereza waliotawala nchi yetu ya Uhindi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba siku moja alimnyoa nzi akiwa hewani, nzi akaenda zake bila habari. Anayebisha na amuulize nzi. Kwa mengine alikuwa mtu kama watu: mfupi, mwoga wa mbwa, akilala anakoroma kama gurudumu la kisima. Vidole vyake ndivyo vilivyotulisha.

Basi mwaka ule Kampuni ikaleta amri. Askari wavue hereni, wafute alama za dini usoni, na masharubu yakatwe yote kwa kipimo kimoja, kama mifagio. Walikuwa wamekwisha kunung'unikia mishahara, wakanung'unikia kofia mpya yenye ngozi ya mnyama wasiyemjua. Lakini masharubu! Wa kwanza kuitwa alikuwa Irulappan, ambaye mama yangu mkunga aliapa kwamba alizaliwa nayo. Yalibeba ndimu kila upande, na mvua ikinyesha kasuku walijikinga chini yake.

Akaja kwetu amefura.

"Wee kinyozi! Ukiyagusa haya, nakuvunja vidole kimoja kimoja kama mabamia."

"Nisipoyagusa, kaka, Kapteni atanichapa mpaka ngozi yangu iwambwe ngoma."

"Hiyo shauri yako na ngozi yako. Mimi nasemea vidole."

Sadaiyan akaanza chenga. Jumanne akamwambia Kapteni, leo hakunyolewi, ni mkosi. Ijumaa vilevile. Jumamosi ndiyo usiseme. Mwezi ulipoandama, nani athubutu kushika wembe? Kapteni, kijana asiye na unywele hata mmoja mdomoni, akawa mwekundu kama pilipili iliyoanikwa.

"Kesho Jumatano. Unanyoa au unachapwa!"

Jumatano akanyoa. Ule mkono ulionyoa nzi siku hiyo ukapotea njia. Akapunguza kushoto, akapitiliza. Akasawazisha kulia, akapitiliza. Akarudi kushoto, akaenda kulia, na alipopangusa jasho mdomo wa Irulappan ulikuwa mtupu kama yai.

Irulappan akakimbilia kwao kujificha, na hapo ndipo balaa lilipozaliwa. Kwetu mwanamume hanyoi masharubu yote ila amefiwa na baba. Mama yake, Bi Pechi, alimwona anaingia mlangoni, akatupa mtungi, akavunja bangili zake ukutani kama mjane, akapiga ukelele uliowaamsha ng'ombe wa kijiji cha pili. Majirani wakajaa. Wapiga ngoma za msiba wakafika kabla hawajaitwa, kama kawaida yao.

Mumewe, Mzee Sengodan, alikuwa ndani anakula wali. Akatoka na mchuzi wa ukwaju kidevuni.

"Mama Irula, nani amekufa?"

"Wewe!"

"Mimi? Lini?"

"Nyamaza! Maiti haisemi. Mtazame mwanao mdomoni!"

Mzee akamtazama mwanawe. Midomo ikaanza kumcheza.

"Masikini mimi," akasema, "na wali sijaumaliza." Akakaa chini, akalia pamoja na wafiwa.

Irulappan akachukua mchi, akaja kuvitafuta vile vidole. Sadaiyan alikuwa nyuma yangu, ameng'ang'ania sari yangu.

"Kaka, ngoja!" akaita toka mgongoni kwangu. "Mfiwa anashika bunduki?"

"Hashiki. Ana uchafu wa msiba, mpaka matanga yaishe."

"Anapiga gwaride?"

"Atapigaje naye ana uch—" Irulappan akasimama na mchi juu. Akaushusha polepole. Akacheka mpaka akakaa.

Kesho yake foleni mlangoni kwetu ilifika sokoni. "Toa yote, kinyozi! Usibakize hata kivuli!" Kapteni alipotoka kukagua, akakuta kikosi kizima kimeketi mchangani, midomo inang'aa, bunduki zimelundikwa kama kuni.

"Inukeni!"

"Tumefiwa, bwana."

"Kafa nani?"

"Baba."

"Baba wa nani?"

"Wa kila mtu, bwana."

Marehemu Mzee Sengodan alikuwa juu ya ukuta wa ngome anatafuna muwa.

Kapteni akataka Sadaiyan afungwe mtini.

"Kwa kosa gani, bwana?" mume wangu akauliza. "Uliniambia ninyoe. Nimenyoa."

Viboko vikakosa mgongo, na mchi ukarudi kwenye kinu. Kapteni alilinda lango peke yake kwa siku kadhaa, mwavuli mkono mmoja na bunduki mkono mwingine, ndipo akaona heri aifute amri. Katika ngome nyingine amri ile ile ilijibiwa kwa risasi, na huko akina mama walilia kweli. Hilo silifanyii mzaha.

Bi Pechi aliponunua bangili mpya, alimpelekea Kapteni ndizi na ujumbe: kwamba sisi sote tulimwonea huruma, kila asubuhi akinyoa anafiwa upya, basi aote masharubu kidogo, mama yake asije akamwona vile akavunja vyombo.

Kijana akaota. Vilitoka vinywele vitatu vinne, kama nyusi za panya. Na kila Jumatano Sadaiyan alikwenda kumtengenezea, akiwa na vidole vyake vyote, na anayemshikia kioo ni Irulappan.