Nati ya Tatu

Mtaani walimwita Mzee Miguu. Si kwa sababu ya mwendo wake, ingawa kazi ya kusoma mita za maji ilimtembeza nyumba kwa nyumba miaka thelathini na moja, macho yake yakiwa chini muda wote. Walimwita hivyo kwa sababu kila Jumamosi, aliyepita mbele ya lango lake aliona miguu tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa chini ya gari. Watu wakazoea kuisalimu miguu, na miguu ikawaitikia.

"Shikamoo, Mzee Miguu."

"Marahaba. Nimelowa oili mpaka masikioni, ningekupa mkono."

Gari lenyewe alilinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu wawili, na wote wawili walilitesa. Hakuwa fundi. Alijifunza kwa kukaa kwenye benchi la gereji ya pembeni mwa barabara siku zake za mapumziko, akiangalia na kuuliza, mpaka fundi mwenye gereji akaanza kumtania.

"Mzee, unatukata riziki. Angalau niletee pancha moja tu kwa mwaka, na mimi nijione nina kazi."

"Siku nikishindwa nitakuletea. Uniombee nisishindwe."

"Hiyo sala itanitoka kwa shida, mzee wangu."

Alikuwa mtu wa utaratibu. Kwanza mawe mawili nyuma ya magurudumu. Kisha jeki. Kisha stendi mbili za chuma, na hapo angelitikisa gari kwa mikono yote miwili kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa. Likitulia, ndipo alipoingia. Kila kilichofunguliwa alikiweka kwenye trei ya mayai, kila kitu na shimo lake, ili wakati wa kurudisha asibaki na kitu mkononi akijiuliza kimetoka wapi.

Lakini jambo la nyumba yake hasa lilikuwa la nati. Kila gurudumu la gari lile lilikuwa na nati nne, naye alikuwa na watoto wanne. Aliliona hilo wiki ile kitinda mimba alipozaliwa, akibadilisha gurudumu uani. Tangu siku hiyo hakukaza nati bila kumtaja mtoto. Hazikazwi kwa kufuatana, maana rimu itakaa upande. Hukazwa kwa msalaba: ya juu, kisha ya chini, ya kulia, kisha ya kushoto. Ya juu, aliyoitia alama ya rangi kwenye rimu, ilikuwa ya kifungua mimba, ya chini ya mtoto wa pili, ya kulia ya tatu, ya kushoto ya kitinda mimba. Aliegemea spana kwa uzito wake wote, akamtaja mtoto kwa jina, akasema, "Bwana, mshike huyu." Na mkewe, ambaye dirisha la jiko lake lilitazama uani, aliitikia, "Amina," bila kuacha alichokuwa akifanya. Nati nne, Amina nne, gurudumu limefungwa.

Watoto walikua wakiisikia sala hiyo, wakaifanya utani wao. Wa pili alipofeli mtihani wa hesabu alimwambia baba yake uso kwa uso, "Baba, nadhani Jumamosi hukunikaza vizuri." Wa tatu alijivunia kuwa upande wa kulia, upande wa heshima. Kitinda mimba naye hakukubali kushindwa. "Mimi nafungwa mwisho," alisema, "kwa hiyo mimi ndiye ninayewashikilia nyote."

Yule wa tatu alisomea uuguzi, akapangiwa hospitali iliyo mwendo wa saa mbili kwa gari. Alikuwa na miaka ishirini na tisa alipopata homa. Alijihudumia mwenyewe siku mbili, wenzake wakamhudumia mbili nyingine, na ya tano haikumkuta.

Kwenye mazishi baba yake alijikaza kisabuni. Alisimama, akawashukuru watu, akataja kila kundi lililosaidia, hata waliokopesha viti. Wengi waliondoka wakisifu imani yake. Waliobaki nyumbani ndio walioona kilichofuata. Tangu jioni ile hakulitamka tena jina la binti yake. Kwenye sala ya usiku, badala ya kuwataja watoto mmoja mmoja kama zamani, alisema "watoto wetu" kwa jumla, akapita haraka. Mkewe alisikia. Kitinda mimba, aliyekuwa bado anaishi nyumbani na kufanya kazi kwenye duka la vitabu, alisikia pia. Hakuna aliyethubutu kuuliza, kila mmoja akidhani anamwonea huruma mwenzake.

Wiki ya tano msimamizi wa wauguzi alipiga simu. Aliongea kwa upole sana. Chumba cha marehemu kilihitajika kwa muuguzi mwingine, na sanduku la vitu vyake lilikuwa tayari limefungwa.

"Tutakwenda Jumatatu," alisema mama.

Breki za mbele zilikuwa zimeanza kulia chuma kwa chuma. Fundi wa gereji alipolisikia gari likiingia mtaani, alikuja mwenyewe mpaka langoni, mikono imefutwa.

"Mzee, safari hii niachie mimi. Sitaki hela. Una msiba."

"Msiba haujanikata mikono, kijana wangu. Nakushukuru."

"Sio mikono ninayoiogopa," alisema fundi kwa sauti ya chini, akaondoka.

Jumamosi alianza asubuhi. Akaweka mawe, jeki, stendi, akalitikisa gari, likatulia. Akatoa gurudumu la kushoto. Padi zilikuwa zimelika mpaka zimebaki nyembamba kama kucha. Akazitoa, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akaisukuma pistoni irudi ndani polepole huku akitazama mafuta ya breki yasifurike kwenye kikopo chake, akapachika padi mpya. Mikono yake ilifanya kazi vizuri kuliko siku zote. Akarudisha gurudumu, akazungusha nati zote nne kwa vidole, akashusha gari chini, akachukua spana.

Ya juu. Akamtaja kifungua mimba. "Bwana, mshike huyu."

"Amina," likasema dirisha.

Ya chini. Akamtaja wa pili. "Amina."

Akaipachika spana kwenye nati ya kulia, akafungua mdomo. Maneno hayakuja. Amwambie nini Mungu? Amshike nani, na amshike asiende wapi? Alikaa hivyo, magoti kwenye zege, spana imekaa kwenye nati bila kusogea. Akajiambia atairudia. Akahamia ya kushoto, akamtaja kitinda mimba.

"Amina."

Gurudumu la kulia lilikwenda vivyo hivyo, na kwenye nati ile ile sauti ikamkatika pale pale. Kisha akabandika vifuniko vya rimu kwa kiganja, akakusanya vifaa, akanawa mikono. Hakurudi.

Jumatatu waliondoka saa mbili asubuhi. Baba kwenye usukani, mama pembeni yake, kitinda mimba nyuma na shuka la kufunikia sanduku. Breki zilishika vizuri, hazikulia. Dakika arobaini zikapita. Ndipo kitu kikaanza kuchakacha upande wa kushoto, kama shilingi ndani ya kopo.

"Gari inalia, baba," alisema kitinda mimba.

"Barabara hii ina kokoto."

"Kokoto zenyewe ziko wapi? Hii si lami?"

Baba aliendelea kuendesha. Mkewe alimtazama mikono. Alikuwa ameushika usukani kama anayening'inia. Gari likaingia kwenye shimo dogo, kishindo kikasikika, na kifuniko cha rimu kikachomoka, kikabingirika mbele yao kama kinawahi mahali, kikaangukia mtaroni. Kuchakacha kukaisha.

Alisimamisha gari pembeni, akashuka, akachuchumaa mbele ya gurudumu. Akaanzia penye alama ya rangi: juu ilikuwepo. Chini ilikuwepo. Kushoto ilikuwepo. Kulia palibaki boliti tupu, nyuzi zake ziking'aa kwa kusuguliwa. Akazunguka upande wa pili, akabandua kifuniko kwa bisibisi, akaigusa nati ya kulia. Ilizunguka kwa kidole kimoja.

Alikaa chini, pale pale kwenye changarawe, na shati lake jeupe.

"Baba?" Kitinda mimba alikuwa ameshuka. "Baba, kuna nini?"

"Ingia ndani ukae, mwanangu," mama alimwambia. "Tunza gari. Sisi tunatafuta nati."

Wakarudi nyuma kwa miguu, yeye ukingo huu wa barabara, mkewe ukingo ule. Alitembea kama alivyotembea miaka thelathini na moja, kichwa kimeinama, macho yakipekua ardhi. Kifuniko walikiona mtaroni, kimepinda. Nati haikuwepo ndani yake. Wakaenda hatua mia, wakaenda mia nyingine. Visoda, kandambili moja, kipande cha kioo.

Mkewe akavuka akaja upande wake.

"Hukuikaza," alisema.

"Sikuikaza."

"Na ile ya upande wa pili?"

"Nayo sikuikaza." Aligeuka akalitazama gari. "Nimempakia mtoto aliyebaki nyumbani, nimekupakia na wewe, kwenye magurudumu ambayo sijayafunga. Mimi. Ingekuwa fundi amefanya hivi ningemshitaki."

"Kwa nini?"

"Sikujua nimwombee nini. Yule hahitaji tena kushikwa. Na kuikaza nati yake kimya kimya, kama chuma tu, niliona ni kama kumfuta. Nikaiacha. Nikasema nitarudi." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Hata jina lake, mama watoto. Likifika hapa linakwama."

 Lori likapita, upepo wake ukamvuruga mkewe kitambaa cha kichwani. Alipoongea, hakumtazama.

"Basi na mimi nikwambie. Jumamosi nilikuwa nahesabu. Nimezihesabu Amina zangu miaka ishirini na mitatu, hata nikikoroga chungu nazihesabu. Nilisema tatu. Gurudumu la pili, tatu tena. Nikajua."

"Ulijua?"

"Nilijua nati mbili hazijakazwa, mume wangu. Nikakaa kimya nikaendelea kumenya viazi. Niliogopa nikikuuliza utalitaja jina lake, na mimi nililiogopa kulisikia kuliko nilivyoogopa barabara. Halafu leo asubuhi nimemwita mwanangu mwenyewe, nikamwambia ingia ndani ya gari."

Walisimama hapo ukingoni, watu wazima wawili, wakitazama lami. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Lawama ilikuwa imegawanyika sawasawa na bado ilikuwa nzito kwa kila mmoja.

"Unajua mimi namwambia nini Mungu juu yake?" mkewe akauliza. "Usiku, nikiwa peke yangu? Siombi kitu. Namwambia asante kwa huyu. Basi. Siku nyingine naisema kwa hasira, lakini naisema."

Waliporudi kwenye gari, baba akatoa spana kwenye buti, mama akanyoosha mkono. "Nipe hiyo spana."

Akaipachika mwenyewe kwenye nati iliyokuwa imelegea ya gurudumu la kulia. Hakuwa amewahi kukaza nati maishani mwake. Aliikanyaga spana kwa kisigino cha kiatu chake cha kanisani, akalitamka jina la binti yake kwa sauti, hapo barabarani, akasema, "Asante kwa huyu."

Mumewe alitaka kusema Amina, ikatoka pumzi tu. Kitinda mimba ndiye aliyeitikia, kutoka dirishani, akilia.

Nati tatu zinaweza kushika gurudumu ukienda polepole, naye baba akaenda polepole. Hospitalini, msimamizi wa wauguzi aliwapa sanduku, na mfuko mdogo wenye saa na viatu vyeupe vilivyopakwa chokaa vizuri. Baba alilibeba sanduku mwenyewe hadi garini. Vijana wawili walitaka kumsaidia, akawaambia asanteni, hili si zito.

Njia ya kutokea hospitalini kulikuwa na duka la spea. Alisimama hapo, akaingia, akaweka juu ya kaunta nati aliyoifungua kwenye gurudumu la nyuma kama mfano.

"Naomba kama hii."

Muuza spea aliitazama, akachomoa boksi. "Nne, mzee?"

"Moja."

"Moja tu? Watu hununua nne, zifanane. Moja itakaa peke yake inang'aa, watu watakucheka."

"Wacha ing'ae. Nyingine zipo."

Aliirudisha kwanza ile ya nyuma, akaikaza, akamtaja mwenye nati yake. Kisha akaja kwenye gurudumu la kushoto mbele, akapiga magoti. Ile mpya aliizungusha kwa vidole mpaka ikagota. Akapachika spana. Wateja walikuwa wakiingia na kutoka dukani, mwendesha pikipiki mmoja akasimama kumtazama mzee aliyepiga magoti kwenye vumbi bila kufanya kitu.

 Kitinda mimba alitaka kushuka, mama yake akamshika mkono.

Kisha akalitamka. Lilitoka limekwaruza, silabi moja moja, lakini lilitoka lote, na lake mwenyewe, la baba, likafuata, kama linavyoandikwa kwenye cheti.

"Bwana," alisema, "huyu unaye wewe. Asante kwa huyu." Akaiegemea spana kwa uzito wake wote mpaka chuma kikalia.

"Amina," alisema mkewe kutoka dirishani. Ilikuwa ya nne.